Vilivyokuja na Macho

Jumanne, 8 Oktoba

Nimesuka vichwa vitatu kabla ya adhuhuri. Vidole vimekufa ganzi. Wa mwisho alikuwa Mama Chiku, jirani yangu wa nyumba ya pili, ambaye hanyamazi hata ukimfumua kwa nguvu. Zaituni amelala sakafuni kwenye kanga, chini ya drayer. Drayer inaunguruma, yeye kalala. Karibu miezi mitatu sasa na hajawahi kunisumbua kazini. Wateja wanasema nimebarikiwa mtoto mtulivu.

Kisha wanasubiri aamke. Najua wanachosubiri. Nusu yao hawaji kusuka, wanakuja kutazama macho.

Bluu. Siyo kijivu, siyo kahawia ya kupauka. Bluu ya moto wa jiko la gesi. Mimi mweusi, na baba yake ananishinda kwa weusi. Leo alipofumbua, Mama Chiku akajipiga paja: "Hee! Huyu hapa Mitwero kapotea njia tu, kwao Ulaya!" Saluni nzima kicheko. Na mimi nikacheka. Ningefanyaje, nilie na chanuo mkononi?

Baba yake, Mshamu, hajapiga simu tangu Jumamosi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kapiga. Yuko Dar, lori limeshusha jasi, anasubiri kugeuza. Swali la kwanza: macho yamebadilika? Salamu hakuna. Nikamwambia bado. Akasema watoto wengine hubadilika. Nikasema inshallah. Mume wangu huyo, baba wa mtoto, anauliza macho kama mtu anayeulizia spea iliyoagizwa.

Nikamweleza bati la jikoni linavuja na mvua ziko njiani. Hakujibu. Ndivyo alivyo. Hata akiwa nyumbani, mimi nalala upande wa ukuta, namsimulia mambo ya kutwa, naye anatazama dari. Unamsemesha mara tatu ndipo anageuza shingo, "Umesema?" Miaka minne ya ndoa. Watu wanasema mwanaume mkimya ni bahati. Waje walale naye.

Jumatano, 16 Oktoba

Sasa nimejua kinachosemwa. Mama Chiku kaniambia, kwa kunionea huruma eti. Mtaani wanasema mwaka jana nilikuwa nakwenda kwenye kambi ya wageni wa gesi.

Kweli nilikwenda. Mara mbili. Kumsuka mpishi wao, dada mmoja wa Kimakonde, kwenye baraza ya jikoni, mchana kweupe. Mzungu niliyemwona alikuwa ndani ya gari, kavaa kofia ngumu, hata uso wake sikuupata vizuri. Kofia ile ndiyo imenizalisha.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Na sina wa kumwambia. Mama yangu yuko makaburini Tingi. Mama mdogo nikimpigia anaanza kulia kabla sijafika katikati, halafu mimi ndiye namnyamazisha. Basi naandika humu.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama mkwe kapiga kutoka Mtama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza hali ya mtoto. Nikasema leo sitazunguka. Mama, huko kwenu hakuna mtu mwenye macho haya? Akajibu upesi: hatuna. Kisha akaongeza, "Mungu ndiye ajuaye, mwanangu."

Ajuaye nini? Angesema tu, huyu ni mjukuu wangu. Maneno manne. Hakuyasema.

Nimekaa nikakumbuka siku ya saba. Yeye ndiye aliyekuja kumnyoa mtoto. Zaituni alizaliwa na nywele nyingi, nyeusi, isipokuwa mbele, juu ya paji. Hapo palikuwa na kishungi cheupe, upana wa kidole gumba. Mimi msusi, nilikiona kabla sijatazama vidole vya miguu. Mama mkwe akasema hizo ni nywele za maziwa, zitaanguka zenyewe. Lakini wembe ukaanzia hapohapo mbele, haraka haraka. Mshamu alifika jioni na lori lake, akakuta kichwa kitupu. Siku ya arobaini mama mkwe akaja tena, akanyoa tena. Akaniagiza niendelee kunyoa kila mwezi mpaka mtoto atembee, ati nywele ziwe nzito.

Sinyoi. Kuhusu nywele asinifundishe mtu. Zimeanza kuota, nyuma na pembeni. Mbele bado.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tairi la lori limepasuka barabarani, mbele kabisa ya saluni. Mlio wa bomu. Mteja wangu karuka na rasta zimebaki mkononi mwangu. Mama Chiku kapiga ukelele na kukimbilia uani, kiatu kimoja.

Zaituni kalala. Hata kope haikucheza.

Walipopata pumzi wakacheka. Usingizi gani huo! Mtoto wa dereva, kazoea matairi! Mimi nilimtazama mtoto. Kichwa kile sijui nilikimalizaje.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hana kitu. Asubuhi nilipofungua mlango wa chumbani aligeuka kunitazama. Kwa hiyo anasikia. Yamekwisha.

Jumamosi, 2 Novemba

Niko Mtama. Mama mkwe kaniita, korosho zinaanguka na mikono haitoshi. Sikutaka kuja. Lakini nisipokuja watasema naficha uso, na kweli ningekuwa naficha.

Nyumba nzima inanuka mabibo. Mama mkwe kampokea mtoto, kambusu utosini, kamfunika uso kwa kanga. Jua kali, kasema. Tulikuwa kivulini. Wageni wamekuja kunipongeza, mmoja mmoja, wanafunua ile kanga, wanatazama, wanafunika. Halafu wanatazamana wao kwa wao. Mashallah, wanasema. Sijawahi kusikia mashallah baridi namna ile.

Jumatatu, 4 Novemba

Shambani kutwa na Siwema. Ni wifi yangu, dada yake Mshamu, kamzidi miaka michache. Hasikii, hasemi, hajaolewa, anaishi na mama yake. Hapa wote wanamwita Bubu, hata mama aliyemzaa. Hadithi yake nimeikuta tangu naolewa. Kwamba alipokuwa mchanga alikohoa sana, akakatwa kimeo, kile kinyama cha kooni, na mkataji akakosea. Tangu hapo sauti ikafa. Kila mtu Mtama anaijua hadithi hii, na yule mkataji amelaaniwa mpaka kaburini.

Siwema anaokota kwa kasi mara mbili yangu. Ananyofoa korosho kwenye bibo kwa mzunguko mmoja, anatupa, ameshashika lingine. Ndiye pekee hapa ambaye hakufunua kanga kwa maswali. Alimtazama mtoto kama watu wanavyotazama watoto. Akampepea, akamfukuzia nzi. Nimepumzika moyo. Inapendeza kukaa na mtu asiyeweza kukuuliza kitu.

Ila nimewaza, na sikupenda kuwaza. Kimeo kikikosewa, haya, sauti inakufa. Masikio je, yanakufaje?

Jumanne, 5 Novemba

Siwezi kulala mchana huu, wacha niandike.

Mama mkwe kaenda ghalani na magunia. Siwema akanifuata uani, akagusa kichwa chake, kisha akashika vidole vyangu. Anataka kusukwa. Nikashangaa kidogo. Kichwa cha Siwema hakiguswi na mtu isipokuwa mama yake. Yeye ndiye anamwosha, anamsuka, anampaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele, tangu utotoni. Nilidhani ni mapenzi.

Nikamvua kilemba, nikafumua mabutu, nikamwagia maji. Nywele nyeusi tii, weusi wa piko, naujua, haung'ai. Nikatenganisha kwa kitana. Mbele, juu ya paji, kwenye mizizi: nyeupe. Upana wa kidole gumba. Pembeni yake nywele nyeusi za Mungu mwenyewe. Hizi siyo mvi. Mvi hutapakaa. Hiki kimekaa mahali pamoja na kina mpaka.

Nilipiga kigelegele. Wallahi, kigelegele, peke yangu uani. Nikamkumbatia Siwema, povu na yote. Mtoto wangu ni wa hapa! Wa nyumba hii! Alama hii hapa, kichwani kwa shangazi yake! Nikataka kukimbia barabarani niite Mtama nzima. Nikataka Mama Chiku apande Hiace ya sasa hivi aje aone kwa macho yake.

Furaha ya pumzi moja. Siwema alikuwa ameinama na macho kayafumba kwa sababu ya sabuni. Nyuma yetu mtu akabisha hodi, kwa sauti kubwa, mara ya pili akapiga na mlango wa bati. Mimi niligeuka. Siwema hakugeuka. Nikatazama mkekani. Zaituni alikuwa macho, anatazama majani. Naye hakugeuka.

Nilimwambia yule mtu mama mkwe hayupo. Nikarudi nikamalizia kusuuza.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimerudi Mitwero. Sijasema kitu Mtama. Nilimrudishia Siwema mabutu yake na kilemba chake kama vilivyokuwa, nikaaga.

Leo nimemtoa Zaituni juani, nikamwinamisha kichwa. Pale mbele nilipodhani hapajaota, pameota. Nyeupe, laini, kwenye ngozi yake huzioni mpaka jua lipige.

Na Mshamu. Ananyoa kipara kila Ijumaa tangu namjua. Mbele pana doa lisilotia kivuli hata akiwa njiani siku nyingi bila wembe. Kovu la mashilingi, yale mabaka ya kichwani ya utotoni, aliniambia. Nani alimwambia? Mama yake.

Nimegonga sufuria nyuma ya mtoto. Kimya. Nimegonga na mwiko, nimepiga kofi, nimeita, nimepiga filimbi. Kimya. Nikafungua mlango taratibu, bila sauti, akageuka papo hapo. Mwanga. Alikuwa anageukia mwanga.

Nikisema, nimesafika. Nikisema, mtoto wangu ni kiziwi. Siwezi kushika moja nikaacha jingine.

Jumatano, 13 Novemba

Mshamu: macho yamebadilika? Nikasema hapana, na hayatabadilika. Akauliza kwa nini. Nilikuwa na jibu lake mdomoni. Nikalimeza.

Alhamisi, 21 Novemba

Wamekuja madaktari wa masikio kutoka Dar, wanapita mikoani. Foleni ndefu, wazee wengi, watoto wenye usaha. Nilifika hospitali alfajiri na kuonwa baada ya adhuhuri.

Dada mmoja kamwekea Zaituni kidude laini sikioni, kimeunganishwa na mashine ndogo ya mkononi. Kulia. Kisha kushoto. Kisha akarudia kulia. Kurudia kule ndiko kulikoniambia. Nikahamia kwa daktari, mwanaume wa makamo, mpole, ana kikohozi. Akatazama macho, akatazama kile kishungi kwa tochi, akaniuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Nikamweleza Siwema. Nikamweleza na kipara cha Mshamu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshajua.

Alivyonieleza mimi ni hivi. Kuna chembe mwilini zinazoleta rangi. Mtoto anapojengwa tumboni, chembe hizo zinasafiri, nyingine zinakwenda kwenye nywele, nyingine kwenye macho. Na nyingine zinaingia ndani kabisa ya sikio, ambako haziweki rangi ya kuonekana, lakini bila hizo sikio halifanyi kazi. Kasoro moja ikizigusa chembe hizo, inagusa popote zilipotakiwa kufika. Ndiyo maana nywele, macho na masikio vinarithiwa pamoja, siyo kila kimoja na njia yake. Lakini haviji sawasawa kwa kila mtu. Mmoja atapata kishungi tu. Mwingine sikio moja. Mwingine vyote. Mzazi mmoja akiwa nacho inatosha, na kila mtoto ana nusu ya kukipata na nusu ya kukikosa.

Nikamuuliza: na kimeo? Akauliza kimeo gani. Nikasimulia. Akasema hapana mama, kimeo hakina habari na masikio. Huyo wifi yako alizaliwa hivyo.

Yapo majina ya kitaalamu, kaniandikia. Ipo na rufaa ya Dar, wapime zaidi. Lakini akaniambia nisingoje. Mtoto aanze kuzungumzishwa kwa mikono sasa, asikae kimya miaka kwa sababu wakubwa wanasubiri karatasi. Nikasema sijui lugha hiyo. Akasema hakuna anayeijua siku ya kwanza.

Masikio yote mawili. Nimeandika, ili niache kuuliza.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemwimbia mtoto huyu miezi minne. Nyimbo zote za mama yangu, za Kimatumbi, hata ninazozikumbuka nusu. Kumbe nilikuwa naimba peke yangu chumbani.

Saluni sijafungua.

Jumatatu, 25 Novemba

Saluni sijafungua. Mama Chiku kagonga mara mbili, nimemwacha agonge. Zaituni kanitazama mdomo kutwa nzima. Anatazama mdomo. Sikuwahi kujua kwa nini.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda Mtama na kurudi leo leo. Nilimkuta mama mkwe anaanika korosho uani. Nikamwamkia, sikukaa. Nikamweka mtoto mbele yake juani, nikamwinamisha kichwa. Nikamwambia Siwema avue kilemba. Kwa ishara, akanielewa, akavua.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa njia nzima ndani ya gari nilikuwa nayapanga matusi. Mama mkwe akakaa chini kwenye korosho zake. Akasema, "Nilikijua siku ya saba."

Basi akasema yote, huku anachambua korosho, hanitazami. Kishungi kilikuwa kwa baba yake, na baba yake hakusikia sikio moja. Yeye mwenyewe nywele zilikuwa nyeupe mbele tangu msichana, alizificha kwa hina mpaka umri ukamkuta. Akamzaa Siwema. Mtoto hasemi, hasikii. Watu wa mume wakaanza kuulizana ububu umetoka upande gani. Kikohozi kile kikawa bahati yake. Akamkatisha mtoto kimeo, halafu akalia mbele ya watu wote kwamba mkataji kamharibia. Ukoo ukaokoka. Mkataji akaharibikiwa. Mshamu akanyolewa kila wiki mpaka akaweza kujinyoa mwenyewe. Na bado mume alimwacha, akaoa Nachingwea.

Nikamuuliza: na mimi je? Mimi niliyezalishwa na kofia ya mzungu, mbona uliniacha? Akasema alidhani maneno ya watu yatachoka. Akasema mke anayesingiziwa bado anaweza kupata mume. Mtoto wa kike wa ukoo wa mabubu haolewi na mtu. Alinionyesha Siwema kwa kidevu.

Nilitaka kumchukia vizuri, lakini alikuwa anaziweka korosho mbovu pamoja na nzima. Nimemchukia nusunusu. Sikunywa hata maji yake.

Jumatano, 11 Desemba

Mshamu kaja. Siku mbili, kisha Kilwa kupakia. Nilimpikia kwanza. Akiwa anakula nikamwambia macho, nikamwambia nywele, nikamwambia masikio, nikamwambia mama yake. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Aliendelea kula. Tonge, samaki, tonge.

Nikashikwa na wazimu. Nikasukuma sahani. Akashtuka, akanigeukia uso mzima. "Umesema?"

Nikazunguka, nikakaa kulia kwake. Nikasema upya, kwa sauti ileile, wala sikupandisha. Na akasikia neno kwa neno. Nilimwona anasikia.

Sikio la kushoto halijawahi kusikia kitu tangu azaliwe. Hakuna anayejua, hata tajiri wake. Anahofia kunyang'anywa leseni. Anatazama midomo, anatazama vioo, anaweka simu kulia, anacheka wenzake wakicheka. Alidhani ni maji ya mtoni alipokuwa mdogo. Kila mtu katika nyumba ile alipewa hadithi yake.

Kwa hiyo miaka minne, upande wa ukuta, nimekuwa nalisimulia sikio lililokufa. Habari zote zile. Mimba ya kwanza iliyotoka nilimwambia nikiwa upande ule. Nilimwambia nikalia, na hakugeuka, na sikumsamehe, na hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kusamehewa.

Alilia leo. Kwa ajili ya ile mimba, na kwa ajili ya swali la macho. Aliomba radhi. Nimemwambia ngoja kwanza, nina hasira nyingi, zinahitaji kupangiwa foleni. Akacheka na machozi. Nikamwambia na hilo sikio atafute mtu wa kumpima, lori lile linabeba roho za watu barabarani. Akainama. Hakukataa, hakukubali.

Tumebadilishana upande wa kitanda.

Ijumaa, 13 Desemba

Kaondoka. Kabla ya kupanda gari kamshika Zaituni, kampulizia usoni taratibu, mtoto akafumba macho na kutabasamu. Hajawahi kumshika muda mrefu namna ile.

Nyumba imekuwa kubwa tena.

Jumapili, 22 Desemba

Sijui niandike nini kwanza. Mama mkwe kaja bila taarifa, na Siwema, na mfuko wa nguo za Siwema. Msimu umeisha, kasema. Huyu akae na mwenzake. Mwenzake ni Zaituni.

Saluni ilikuwa imejaa, wiki ya sikukuu, vichwa vinapangana. Mama mkwe akaingia hadi katikati, bila kuamkiana na mtu, akamvua Siwema mtandio mbele ya wote. Hakuwa na piko. Kishungi kimeota kidole kizima, cheupe pe. Akamchukua Zaituni mapajani, akawaweka vichwa sambamba. "Tazameni basi, si mnapenda kutazama. Hii damu ni yangu."

Hakuna aliyefungua mdomo. Mama Chiku alitazama sakafu. Tangu Oktoba nimekitamani kimya hicho. Nimekiota. Leo kimekuja nikakiona hakina ladha, nikaendelea kusuka kwa sababu mteja alikuwa na safari.

Baadaye Mama Chiku kanifuata uani. Shosti nisamehe, yalikuwa maneno tu. Halafu, hapohapo, kwa sauti ya chini: na huyo mtoto, ndiyo kusema hatasikia kabisa? Maskini wee. Kumbe huruma yake ni ileile, imebadilisha nguo tu. Nikamwambia ndiyo, hatasikia kabisa, na wewe ukija kusuka utakuwa unapunga mkono ukiingia, usimpite tu kama kiti.

Mama mkwe kaondoka na gari la jioni. Mlangoni alisimama kama mwenye neno. Nikamwambia safari njema, Mama. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo leo.

Jumatano, 25 Desemba

Mikono yangu migumu. Ajabu, mikono inayosuka tangu nina miaka kumi na mbili. Siwema ana alama ya kila kitu, amezibuni yeye na mama yake na wenzake wa shambani. Maji. Njoo. Moto. Kimekwisha. Mtu muongo, hiyo ninaipenda. Nikikosea ananishika kidole na kukiweka panapotakiwa, hana haraka. Dada mmoja wa mjini anayefundisha watoto viziwi ameahidi kuja kutufundisha lugha ya alama yenyewe, sote watatu, mwaka mpya.

Siwema ana kichekesho. Sikujua. Miaka minne nimemfahamu na sikujua kwamba anaweza kumwigiza mama mkwe mpaka ukajikojolea.

Jumatatu, 6 Januari

Mvua tangu alfajiri. Vichwa viwili tu. Mshamu yuko Kilwa, lori limekwama kwenye tope la machimbo, kapiga simu kuuliza kama tumekula.

Mchana nilikuwa namsuka binti wa shule. Siwema na Zaituni walikuwa wamekaa kizingitini, mtoto mapajani, wanatazama maji barabarani. Nikawaona kwa nyuma. Siwema akafanya kitu kwa vidole, upesi, mbele ya uso wa mtoto. Zaituni akacheka. Kicheko cha tumboni, mwili mzima, sijawahi kukisikia. Siwema naye akacheka, bila sauti, mabega yanaruka. Akarudia kile kitu. Wakacheka tena.

Nikauliza, mnacheka nini nyie? Kwa sauti, kama mjinga. Binti wa shule ndiye aliyegeuka.

Nikasubiri kidogo. Kilikuwa chao. Nikamwomba binti radhi, nikafuta mafuta mikononi, nikaenda kizingitini. Siwema akasogea kunipa nafasi, nikakaa.